Sauti nne bila kinanda: mwongozo kamili wa kikundi kidogo cha muziki wa kale

Mwongozo huu ni wa watu wanne hadi wanane ambao tayari wanaimba kwaya, wanasoma nota au solfa kwa kiasi, na sasa wanataka kuimba polifonia, yaani muziki wa sauti kadhaa zinazojitegemea zikienda pamoja, ya watunzi wa karne ya 16: Byrd, Tallis, Victoria, Palestrina. Sitafundisha kuimba kutoka sifuri. Nitashughulika na jambo moja ambalo kwaya kubwa haimfundishi mtu, nalo ni kubeba sauti yako peke yako huku masikio yako yako kwa wenzako.

Katika nyimbo nyingi za kwaya zetu soprano ndiye mwenye wimbo, wengine wanajaza, na kinanda kinamwokoa aliyepotea. Muziki huu hauna sauti ya kujaza. Teno anaweza kuanzisha, alto akamjibu, kisha besi akaingia na maneno yaleyale wakati wenzake wameshafika mbali. Ukizoea kujishikiza kwa soprano, hapa utaanguka naye.

Ili tusizungumze hewani, tutatumia kipande kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: Agnus Dei (“Mwanakondoo wa Mungu”) ya Misa ya sauti nne ya William Byrd. Byrd alikuwa Mkatoliki katika Uingereza ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, wakati Misa ya Kikatoliki ilipokuwa imepigwa marufuku. Misa zake tatu, ya sauti tatu, ya nne na ya tano, zilichapwa kati ya 1592 na 1595 bila hata ukurasa wa mbele wenye jina la kitabu. Ibada hizo zilifanyika kwa siri katika nyumba za watu wenye uwezo, na Byrd mwenyewe alihamia Stondon Massey, Essex, jirani na familia ya Petre iliyowalinda Wakatoliki. Kwa hiyo kikundi cha watu wanne sebuleni kinaimba Misa hii katika mazingira yake halisi. Msiombe radhi kwa uchache wenu.

Kipande hiki kina faida nyingine kubwa kwa wanaoanza. Agnus ya kwanza inaimbwa na soprano na alto tu. Ya pili wanaimba soprano, teno na besi. Ya tatu ndipo wote wanne wanaingia. Yaani Byrd amekupangia mazoezi mwenyewe.

Hatua ya kwanza: tafuta watu, na upime sauti zao

Mwanakikundi mzuri si lazima awe mwimbaji bora wa parokia. Mtafute anayefika kwa wakati, anayeweza kurudia mistari miwili mara kumi bila kununa, na anayesikia anapokosea kabla hajaambiwa. Yule mwenye sauti ya kujaza uwanja mara nyingi ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu hajawahi kuhitaji kumsikiliza mtu.

Anza na mtu mmoja kwa kila sauti ukiweza. Watu wawili kwa sauti moja wanaonekana kama msaada, lakini kulinganisha sauti mbili ziwe moja ni kazi ngumu kuliko kulinganisha tatu au nne: kila tofauti ndogo ya irabu au ya kimo (ujuu au uchini wa noti) inasikika. Faida ya wawili ni pumzi, maana mmoja anavuta wakati mwingine anaendelea. Kikundi cha The Tallis Scholars, kilichoanzishwa na Peter Phillips mwaka 1973, kimejulikana kwa mtindo wa wawiliwawili, lakini ni watu waliokaa pamoja miaka mingi.

Msigawane sauti kwa mazoea ya kwaya. Mpime kila mtu kwa kinanda, hii ikiwa moja ya kazi chache za kinanda katika mwongozo huu. Andika noti ya chini kabisa na ya juu kabisa anazoweza kuziimba kwa utulivu mara tano mfululizo. Noti anayoifikia kwa kukunja uso haihesabiwi. Alto wa muziki huu mara nyingi iko chini kuliko alto tuliyoizoea, na teno mwepesi anaweza kuimudu vizuri kuliko mwanamke anayelazimika kukwaruza chini. Msione aibu kumweka mwanaume kwenye alto. Kikundi cha Hilliard Ensemble, kilichoimba kuanzia 1974 hadi 2014, kilikuwa cha wanaume wanne tu.

Hatua ya pili: nota na kii

Nota za muziki huu ni za bure na ni halali kuzichapisha. Kama unavyoingia tovuti ya Swahili Music Notes kutafuta nyimbo za Misa za Kiswahili, ingia Choral Public Domain Library, maarufu kama CPDL, iliyoanza mwaka 1998. Utakuta matoleo kadhaa ya kipande kilekile. Chagua lenye sauti zote nne kwenye ukurasa mmoja, herufi kubwa za kutosha, na maneno yaliyowekwa wazi chini ya kila noti. Yaangalie vizuri matoleo yenye alama ndogo za shapu au flati *juu* ya noti: hizo hazikuandikwa na Byrd. Mhariri ameziongeza kwa sababu waimbaji wa zamani walijua wenyewe pa kupandisha noti nusu toni, hasa wanapokaribia kutua. Alama za namna hiyo zina nafasi ya kujadiliwa. Zile zilizo pembeni ya noti hazijadiliwi.

Chapisheni kwenye karatasi. Simu inazima katikati ya wimbo, na haiandikiki kwa penseli.

Sasa kii. Hapakuwa na kimo kimoja kwa Ulaya nzima katika karne ya 16. A ya 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, tunayoiona kwenye vinanda ilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa wa London mwaka 1939. Kwa hiyo kii iliyoandikwa kwenye karatasi ichukuliwe kama pendekezo. Linganisha na vipimo vyenu: soprano akihangaika juu, shusheni toni nzima, besi akizama, pandisheni. Mkishakubaliana, andikeni kii juu ya kila karatasi na msiibadilishe kila wiki, kwa sababu koo nalo linakumbuka.

Wanaosoma solfa wasijione wageni hapa. Mizizi ya do re mi inakwenda hadi kwa Guido wa Arezzo, mtawa wa karne ya 11 aliyetaka wanakwaya wasome wimbo wasioujua. John Curwen wa Uingereza aliieneza solfa ya herufi katika karne ya 19, na wamisionari wakaileta kwetu. Itumieni, lakini msiandike kipande chote kwa solfa. Vile vistari na nukta pacha vya solfa vinaukatakata mstari kila pigo, na muziki wa Byrd unaelea juu ya vipimo. Andika herufi kwa penseli pale tu penye mruko mgumu au noti iliyopandishwa. Hesabuni noti ya msingi ya Misa hii, ile inayotulia mwishoni, kuwa l. Mtaona s inageuka se kila mnapokaribia kutua, na kwenye mtuo wa mwisho kabisa wa Agnus, d inapanda kuwa de. Wimbo uliokuwa wa huzuni unaishia na nuru. Aliye na hiyo de aizungushie duara leo.

Hatua ya tatu: Kilatini kabla ya noti

Mzungumzaji wa Kiswahili anaanza akiwa mbele. Irabu zetu tano ni safi, hazipindi katikati kama za Mwingereza, na hizo ndizo Kilatini cha kanisani kinazitaka. Tunayo *ny* na *ch* tayari: *Agnus* inatamkwa “Anyus”, *pacem* ni “pachem”. *Qui* ni “kwi”. Penye konsonanti mbili, kama *tollis* na *peccata*, kaa kidogo juu yake kabla ya kuendelea.

Matatizo yetu ni mawili. La kwanza ni kuongeza irabu mwishoni: “Anyusi”, “nobisi”, “pachemu”. Kila neno lifungwe pale linapofungwa. Herufi *s* iwe fupi na ije kwa wote kwa pamoja. Ikishindikana, mteueni mtu mmoja aitamke na wengine waiache.

La pili ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, nasi tunauhamishia mkazo huo kwenye kila lugha. Agnus Dei itawadanganya, kwa kuwa maneno yake yenye silabi zaidi ya moja yanafuata desturi hiyohiyo: *tól-lis, pec-cá-ta, mi-se-ré-re, nó-bis, pá-cem*. Mkifika kwenye Gloria mambo yanageuka: ni *Dó-mi-ne*, *Fí-li-us*, *grá-ti-as*. Mwanakwaya anayeimba “Do-MI-ne” anausukuma mstari mzima wa Byrd mahali pasipo pake, kwa sababu Byrd aliuandika kwa kufuata maneno.

Kwa hiyo someni maneno kwa sauti ya kuzungumza, wote pamoja, kisha kila mmoja akisoma kwa mapigo ya sauti yake bila kuimba. Andikeni na maana kwa Kiswahili chini yake. “Mwanakondoo wa Mungu, uondoaye dhambi za dunia” wengi wanaijua tangu utotoni, lakini inasaidia kuona kwamba *miserere* ni ombi la huruma na *dona nobis pacem* ni ombi la amani. Hayaimbwi kwa sura moja.

Hatua ya nne: kila mtu na mstari wake

Waimbaji wa zamani walipewa kitabu chenye sauti yao peke yake, na hakikuwa na mistari ya vipimo. Walijua pa kuingia kwa kuhesabu na kusikiliza. Toleo lenu la kisasa lina mistari ya vipimo, na hiyo ndiyo itakayowafanya mkaze pigo la kwanza la kila kipimo hata linapoangukia silabi dhaifu. Chukua penseli: weka alama juu ya silabi zenye mkazo, kisha chora upinde kuanzia mwanzo wa kila sentensi hadi mwisho wake. Imba upinde, sahau vipimo.

Mapigo yashikwe kwa mkono: chini, juu, chini, juu, taratibu na sawasawa, karibu na kasi ya moyo wa mtu aliyetulia. Kila mmoja apige wake pajani huku akiimba. Yule ambaye mkono wake unasimama anapofika kwenye noti ndefu ndiye atakayewachelewesha wote baadaye. Bora mjue mapema.

Mje kwenye zoezi la kwanza la pamoja kila mtu akiweza kuimba mstari wake mwanzo hadi mwisho bila ala. Sheria hii isilegezwe. Zoezi la pamoja si mahali pa kufundishana noti.

Kusikiliza rekodi ni vizuri, nota zikiwa mkononi. Ila usijifunze mstari wako kwa kuiga rekodi. Utajifunza pumzi za mtu mwingine na kimo cha studio ya mtu mwingine.

Hatua ya tano: kulinganisha sauti

Hapa ndipo nitakaa kidogo, maana hapa ndipo kikundi kinapojulikana ni kikundi.

Kinanda kimepimwa kwa maafikiano: kila noti imepotoshwa kidogo ili kii zote zitumike. Binadamu wanne wasio na kinanda hawahitaji maafikiano hayo. Chukua A ya 220, ile iliyo chini ya C ya kati, na uifanye d. Ukiweka s juu yake, sauti safi kabisa ni 330, na kinanda kinatoa karibu 329.6, tofauti ambayo haikusumbui. Lakini ukiweka m, iliyo safi ni 275, na kinanda kinatoa karibu 277.2. Hiyo unaisikia: sauti zinatetema, wa-wa-wa. Ukishuka kidogo, mtetemo unapungua, unapungua, kisha unatoweka na chumba kinaonekana kama kimewashwa taa. Kwa maneno mafupi, m ya kawaida iimbwe chini kidogo kuliko ya kinanda, s iwe juu kidogo sana. Kwa upande wa huzuni ni kinyume: ukiweka d juu ya l, hiyo d inatakiwa ipande kidogo kuliko ya kinanda.

Zoezi lenyewe, kila mnapokutana, dakika 10 hadi 15:

Simu itoe mlio mmoja usiokatika, programu nyingi za kupimia sauti zinaweza. Wote waimbe noti hiyohiyo kwa “u”, kisha “o”, kisha “a”. Msiende mbele hadi irabu zifanane, kwa sababu “a” ya mmoja ikiwa pana na ya mwingine nyembamba, kimo kitaonekana kibaya hata kama ni sahihi. Besi abaki kwenye d. Teno apande s, mkae hapo hadi itulie. Soprano aongeze d ya juu. Mwisho kabisa alto aingie na m, polepole, akitokea chini badala ya juu. Zungusheni kazi hiyo. Kila mtu apate zamu ya kuwa m. Kisha zimeni mlio wa simu mkabaki wenyewe.

Vipi kuhusu kutetemesha sauti? Watu wamebishana juu ya waimbaji wa zamani walivyofanya, na mabishano hayo hayatawasaidia kesho jioni. Kinachojulikana kwa sikio ni kwamba mtetemo mpana unaifunika m, na m ikifunikwa kazi yote ya hapo juu imepotea. Sauti inyooke kwenye noti ndefu na penye kutua. Kwingine, mtetemo mdogo wa asili haumdhuru mtu, na kumkaba koo mwimbaji ili anyooshe kila noti kunamuumiza.

Kushuka kimo kutatokea. Sababu za kawaida ni pumzi iliyokwisha, hatua za kupanda zinazoimbwa fupi, na m za kushukia zinazodondoka kupita kiasi. Kikundi kizima kikishuka nusu toni pamoja na sauti zikabaki zimekaa, msitoane macho. Mmoja akishuka peke yake, hilo lirekebishwe palepale.

Hatua ya sita: kuunganisha

Anzeni na wawili wa Agnus ya kwanza. Soprano na alto wasimame wakitazamana, hatua mbili kati yao, wengine wawili wakae wasikilize wakiwa na nota. Rudieni kwa “nu” bila maneno, kisha kwa maneno. Halafu teno na besi waimbe sehemu yao ya Agnus ya pili bila soprano, ndipo soprano aongezwe.

Kwa Agnus ya tatu, pigeni jozi zote sita: soprano na alto, soprano na teno, soprano na besi, alto na teno, alto na besi, teno na besi. Inachosha, lakini inafichua. Utakuta watu wawili waliodhani wanasikilizana kumbe kila mmoja alikuwa anamsikiliza mtu wa tatu.

*Dona nobis pacem* ndiyo kilele. Byrd anaishikilia noti ya sauti moja wakati nyingine imeshahama. Zinagongana kwa toni au nusu toni, kisha ile iliyong'ang'ania inashuka hatua moja na mambo yanatulia. Inarudiwa tena na tena, kwa sauti tofauti. Mwanakwaya anayesikia mgongano huo kwa mara ya kwanza hudhani amekosea na kupunguza sauti. Fanyeni kinyume. Anayeshikilia noti aongeze uzito kidogo pale mwenzake anapomgonga, kisha alegee anaposhuka. Tafuteni migongano yote kwenye nota, mwenye noti iliyoshikiliwa aweke mshale juu yake, na mwimbe kuanzia noti moja kabla hadi noti moja baada, kila mmoja kwa zamu yake. Mkilipata hilo, kipande kimeshaiva kwa sehemu kubwa.

Simameni nusu duara au duara kamili, na mbadilishe nafasi kila zoezi. Rekodini kwa simu iliyowekwa mbali, upande wa pili wa chumba, si katikati yenu.

Hatua ya saba: kuanza na kumaliza bila mwongozaji

Kikundi cha Stile Antico cha Uingereza kina waimbaji 12 na hakina mtu wa kuongoza mbele, kwa hiyo wanne hamna kisingizio. Anayeanza kuimba ndiye anayeanzisha wote: anavuta pumzi kwa kasi ileile ya wimbo, na kichwa kinapanda kidogo na pumzi. Hiyo ndiyo ishara, mikono haihitajiki. Kwenye Agnus hii wa kwanza na wa pili si walewale kila sehemu, kwa hiyo andikeni kwenye nota nani anatoa ishara wapi. Mwisho wa kila sehemu akatishe mtu mmoja aliyekubalika, afadhali yule mwenye noti inayotembea mwisho.

Kii itolewe na mtu mmoja tu, kwa filimbi ya kii au simu iliyo mfukoni, kwa sauti ya chini. Kila mmoja aisikie noti yake kichwani. Wasikilizaji wasisikie watu wanne wakivumisha noti zao kama nyuki.

Mabishano yatakuwepo: kasi, pumzi, nguvu ya sauti. Utaratibu unaofanya kazi ni kwamba kila kipande kina msimamizi wake na zamu inazunguka. Msimamizi akiamua, wote wanaimba kama alivyoamua kwa zoezi zima, hata wasiokubali. Maoni yanatolewa mwishoni.

Hatua ya nane: mahali pa kuimbia

Jengo ni sehemu ya muziki huu. Kanisa la mawe lenye dari ndefu, kama lile la Kianglikana la Mkunazini, Zanzibar, lililoanza kujengwa 1873, linaibeba sauti na kuirudisha. Humo punguzeni kasi na fupisheni konsonanti. Ukumbi wa mabati, viti vya plastiki na mapazia unaimeza sauti. Ongezeni kasi kidogo na msogeleane. Mvua ikianza juu ya bati, subirini. Hakuna polifonia inayoshindana na bati.

Mafundi mitambo watataka kuwawekea maikrofoni kila mmoja. Kataeni kwa upole. Maikrofoni nne zinamkabidhi fundi kazi yenu ya kusikilizana. Ikilazimu, iwe moja au jozi, hatua tatu mbele yenu.

Jaribuni kwenye Misa kabla ya tamasha. Agnus Dei ina mahali pake rasmi, ni fupi, na waumini wanajua inasema nini hata kwa Kilatini. Zungumzeni na padre na mwalimu wa kwaya mapema, maana kwaya ya siku hiyo ina zamu yake na haipendi kushtukizwa.

Kipande cha pili? *Ave verum corpus* ya Byrd huyohuyo, ya mwaka 1605, ambamo sauti zinatembea pamoja zaidi na mtafaidi kazi ya kulinganisha. Baada yake *O magnum mysterium* ya Victoria, ya 1572, kwa ajili ya Noeli. Kama teno wenu bado anangoja kuvutwa na wengine, mpeni *Sicut cervus* ya Palestrina: humo yeye ndiye anayeanza, peke yake.